Kipunji, picha na wahakiki: ugomvi wa kielelezo uliotokea Rungwe na Ndundulu

Msomaji, kama umewahi kutuma makala kwenye jarida la kisayansi, au hata kumpelekea msimamizi wako sura ya nne ya tasnifu, basi ile barua pepe unaijua. Inaanza kwa upole, inakushukuru kwa andiko lako, halafu ukishuka chini unakutana na orodha. Kielelezo cha 2 hakisomeki. Herufi kwenye mhimili ni ndogo mno. Ramani haina mshale wa kaskazini. Jina la spishi liwe kwenye italiki. Picha haina kipimo. Unafunga kompyuta, unaenda kunywa chai.

Yangu ilinikuta Mwanjelwa, ndani ya stationari nilikokuwa nasubiri kutolewa kopi. Nilikuwa nimeandika juu ya ugonjwa wa madoa kwenye majani ya viazi mviringo, kutoka mashamba ya Umalila, na kielelezo changu cha tatu kilikuwa picha ya jani niliyoipiga kwa simu. Kiukweli nilikuwa naringa nayo. Mhakiki wa pili aliandika mambo mawili tu kuihusu: ukubwa wa jani haujulikani, na je, jani lenyewe limehifadhiwa wapi? Aisee. Jani nililitupa. Lilikuwa limeshaoza ndani ya mfuko wa plastiki kabla hata sijafika mjini.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nikasema huyu mtu hana kazi, sayansi yangu hajaigusa, anahangaika na mapambo. Siku ya tatu rafiki yangu mmoja anayesoma mambo ya wanyamapori akaniuliza kama nakijua kisa cha kipunji. Nilimjua kipunji kama watu wengi wa Mbeya wanavyomjua, kwa jina na kwa mabango. Kisa chenyewe sikuwa nakijua. Ngoja nikusimulie, maana kimetokea hapahapa kwetu, na ndani yake kuna swali lilelile la mhakiki wangu, ila wao waliulizana mbele ya dunia nzima.

Tuanzie mwanzoni mwa 2003. Watafiti wa Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori, lile linalofahamika kwa herufi WCS, walikuwa wakizungumza na wawindaji Wanyakyusa wanaoishi kuzunguka Mlima Rungwe. Miongoni mwao walikuwamo Tim Davenport, Daniela De Luca, na Watanzania wawili, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Wawindaji wakamtaja kima mmoja mwenye haya, anayekaa juu ya miti, wakamwita kipunji. Sasa hapo kuna utata. Masimulizi ya Kinyakyusa yana wanyama wa msituni wa kweli na yana wa kusadikika pia, na mgeni hawezi kujua mara moja huyu anayetajwa ni wa kundi gani. Watafiti wakaingia msituni. Msitu wa Rungwe si wa kutembea kama shamba la chai, mlima unapanda hadi karibu mita 2,960, kuna ukungu, kuna miteremko, na kima akikusikia anakwenda zake. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha walipomwona vizuri kiasi cha kuamini kwamba huyu si yeyote kati ya kima waliokuwa wanawajua.

Halafu mwaka 2004, upande wa Iringa, timu nyingine iliyokuwa na Trevor Jones na Carolyn Ehardt ikamwona kima wa ajabu kwenye msitu wa Ndundulu, ndani ya milima ya Udzungwa. Kutoka Rungwe hadi Ndundulu ni zaidi ya kilomita 300. Timu zote mbili zilikuwa zinafuatilia mnyama mmoja bila kujua. Zilipogundua, hazikushindana mbio za kuchapisha, ziliungana. Mimi huwa nawaheshimu kwa hilo, kwa sababu najua maofisi ambayo wangevutana mpaka leo.

Nikitaja Ndundulu siwezi kupita bila kusimulia kuhusu kwale. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye misitu hiyo, na siku moja wakaona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga. Miguu haikufanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Kwale yule wa Udzungwa alikuja kupewa jina mwaka 1994, *Xenoperdix udzungwensis*, na ikabidi aundiwe jenasi yake mwenyewe. Kumbuka ile sufuria. Ushahidi wa kwanza wa yule ndege ulikuwa ni mifupa, kitu cha kushika mkononi.

Kwa kipunji hakukuwa na sufuria. Makala yalipotoka kwenye jarida la Science tarehe 20 Mei 2005, yakiwa na waandishi saba, mnyama aliitwa *Lophocebus kipunji*, na dunia ikaambiwa kwamba Afrika imepata spishi mpya ya kima baada ya zaidi ya miaka 20. Watafiti walieleza rangi yake ya kahawia, nywele zilizosimama kichwani kama kishungi, na mlio wake mkubwa ulio kati ya kubweka na kupiga honi. Lakini hawakuwa na ngozi. Hawakuwa na fuvu. Hawakuwa hata na jino. Walikuwa na picha.

Sasa ngoja tusimame kidogo hapa, maana bila kuelewa kanuni hutaona kwa nini watu walikasirika.

Ukitaka kumpa mnyama jina la kisayansi, huandiki tu jina ukamaliza. Ipo Kanuni ya Kimataifa ya majina ya wanyama, inayosimamiwa na tume yake, na toleo la nne la kanuni hiyo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Kanuni inataka utaje holotaipu, yaani mnyama mmoja mahususi ambaye jina limefungwa kwake. Ni kama ile kilo ya chuma waliyokuwa wakiitunza karibu na Paris: ubishi ukitokea juu ya kilo ni nini, unakwenda kuitazama. Ubishi ukitokea kwamba kipunji ni nani, unakwenda makumbusho, unavuta droo, unamtazama yule mmoja. Kwa kawaida ndani ya droo kuna ngozi iliyokaushwa na fuvu lenye karatasi iliyofungwa kwa uzi.

Droo ya kipunji ilikuwa tupu. Holotaipu yake alikuwa mnyama aliyeonekana kwenye picha, na mnyama mwenyewe, tukidhani alikuwa bado hai, alikuwa anarukaruka kwenye miti.

Miezi minne baadaye, Septemba 2005, Science ikachapisha barua za kupinga. Moja iliandikwa na Stuart Landry. Nyingine ilitoka kwa Robert Timm na Rob Ramey pamoja na kamati ya majina ya chama cha wataalamu wa mamalia cha Marekani. Kwa muhtasari wangu mimi, walikuwa wanasema kwamba picha haitoshi kuwa msingi wa spishi. Mwingine hawezi kuipima upya, hawezi kuikata akatoa vinasaba, hawezi kuhesabu meno yake. Kielelezo kinaonyesha kile tu ambacho kamera ilikiona siku ile, kwa mwanga wa siku ile.

Ukiisoma hoja hiyo haraka utadhani ni urasimu. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini twende taratibu. Kwa nini kipunji aliwekwa kwenye jenasi ya *Lophocebus*? Kwa sababu kuna makundi mawili ya mangabei wa Afrika. Kundi moja, *Cercocebus*, linatembea sana chini na lina kope nyeupenyeupe zinazong'aa likipepesa macho. Mangabei wa Sanje wa hukohuko Udzungwa, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979, yuko kundi hilo. Kundi la pili, *Lophocebus*, linaishi juu ya miti na kope zake ni nyeusi sawa na uso. Kipunji anaishi juu ya miti, na kope zake ni nyeusi. Kwa hiyo uamuzi mzito wa kumweka kwenye ukoo fulani uliegemea vitu vinavyoonekana kwa darubini na kwenye picha. Ungekuwa wewe ni mhakiki, usingeuliza kama kuna fuvu?

Wapingaji wangeweza pia kutaja mfano mbichi kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1991, kwenye jarida la Ibis, ndege mmoja wa jamii ya tiva kutoka mji wa Bulo Burti nchini Somalia alipewa jina *Laniarius liberatus*. Alikuwa ni ndege mmoja tu. Alikamatwa, akafugwa, wakachukua damu na manyoya, kisha wakamwachia huru badala ya kumuua, na ndiyo maana ya hilo neno liberatus. Mmoja wa waandishi alikuwa Jon Fjeldså, ambaye jina lake lipo pia kwenye makala ya kwale wa Udzungwa. Uamuzi ule ulisifiwa na wengine, ukalaumiwa na wengine. Baadaye, mwaka 2008, uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba yule hakuwa spishi mpya, alikuwa tiva wa spishi inayojulikana mwenye rangi isiyo ya kawaida. Angalia kilichookoa ukweli hapo. Picha ingetudanganya hadi leo, maana rangi ndiyo iliyowachanganya. Ni zile tone za damu zilizotunzwa ndizo zilizomaliza ubishi.

Kwa hiyo hofu ya wapingaji wa kipunji ilikuwa na miguu.

Turudi kwenye Science ya Septemba 2005, kwa sababu kuna jambo la kufurahisha katika mpangilio wake: barua za kupinga na jibu vilichapishwa pamoja, kurasa zinafuatana. Jibu liliandikwa na Andrew Polaszek, ambaye wakati huo alikuwa katibu mtendaji wa tume yenyewe ya majina ya wanyama, akiwa pamoja na Peter Grubb, Colin Groves, Carolyn Ehardt na Thomas Butynski. Ona walivyojipanga. Walioshambuliwa ni wataalamu wa kima, lakini swali lilikuwa la kanuni, basi wakamwita mtu wa kanuni. Hilo nililiandika kwenye daftari langu.

Na ubishi wote, kwa watu wa nje, ungeonekana ni wa maneno tu. Kifungu cha 73 cha Kanuni kinasema kwamba ukitaja mchoro au picha ya mnyama mmoja kuwa holotaipu, maana yake umemtaja mnyama aliyechorwa, si karatasi, na jina haliharibiki kwa sababu tu mnyama huyo hapatikani tena. Kifungu cha 16 kwa upande wake kinataka utamke holotaipu itahifadhiwa wapi. Lakini kinataka hivyo pale holotaipu inapokuwa ni kielelezo kilichopo. Je, kima anayekimbia kwenye msitu wa Rungwe "yupo" kwa maana hiyo ya makumbusho? Unaona jinsi neno moja dogo linavyoweza kubeba mnyama mzima. Watetezi wa kipunji walisimama kwenye usomaji kwamba jina ni halali, na kwamba kumuua mnyama kutoka kundi dogo namna ile ili tu kujaza droo isingekuwa sawa.

Wala kutegemea picha si uhuni ulioanza juzi. Hata Carl Linnaeus, mzee aliyeanzisha mfumo huu wa majina mawili karne ya 18, baadhi ya spishi zake alizipa majina kwa kutegemea michoro ya watu wengine bila kuwaona viumbe wenyewe.

Idadi ya kipunji ilikuja kufahamika baadaye, na inatisha. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilikuta wanyama 1,117 tu: 1,042 upande wa Rungwe na Kitulo, na 75 upande wa Ndundulu. Sabini na tano, msomaji. Hao ni wachache kuliko wanafunzi wa darasa moja kwenye shule nyingi za msingi za mjini. Ukichukua mmoja kati ya 75 kwa ajili ya karatasi yako, unapaswa kuwa na sababu nzuri kweli.

Hapa mimi nina msimamo wangu, na unaruhusiwa kunipinga. Naona waandishi walikuwa sahihi kutomuua, na wapingaji walikuwa sahihi kuuliza. Ambacho sikubaliani nacho ni ile tabia ya kudhani kwamba ukiulizwa juu ya kielelezo basi unavunjiwa heshima. Wapingaji walikuwa wanaulizia uzito wa ushahidi, na ushahidi ulikuwa umekaa ndani ya kielelezo. Wangeulizia wapi kwingine?

Lililofuata lilikuja lenyewe. Mwaka huohuo wa 2005, mkulima mmoja kwenye miteremko ya Rungwe alikuwa ametega mitego kwenye shamba la mahindi. Kipunji dume, kijana asiyepevuka kikamilifu, akanasa na kufa. Yeyote aliyewahi kulima karibu na msitu atamwelewa yule mkulima, kima hawaombi ruhusa. Mwili ukawafikia watafiti. Sasa palikuwa na fuvu, meno, ngozi, na tishu za kutoa vinasaba. Mnyama yule anahifadhiwa kwenye makumbusho ya Field Museum mjini Chicago. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini isiwe Dar es Salaam au Arusha, na ni swali zuri, linastahili makala yake.

Unajua fuvu na vinasaba vilisema nini? Kwamba kipunji si *Lophocebus*. Vinasaba vilimsogeza karibu na nyani, wale wa *Papio* tunaowaona barabarani Mikumi wakipora ndizi. Lakini fuvu lake si la nyani, halina ile pua ndefu, na maisha yake ya juu ya miti si ya nyani. Hakuingia kwenye sanduku lolote lililokuwapo. Makala ya pili, ya Davenport, William Stanley, Eric Sargis, De Luca, Mpunga, Machaga na Link Olson, ilitoka Science mwaka 2006, ikaanzisha jenasi mpya: *Rungwecebus*. Kima wa Rungwe. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima walio hai barani Afrika tangu 1923, miaka 83.

Mwaka mmoja tu baada ya ile picha, basi, waandishi walewale, angalau baadhi yao, walirudi kwenye jarida lilelile na kusema kwamba jenasi tuliyompa mwanzo haikuwa yake. Kuna watu wangeona aibu. Mimi naona ndilo jibu kamili zaidi ambalo wapingaji wangeweza kulipata.

Na hapa ndipo nataka uangalie jambo dogo la umbizo, lile ambalo kwenye makala yako mhakiki akilitaja unaguna. Jina la kwanza liliandikwa *Lophocebus kipunji*, likifuatiwa na majina ya waliompa na mwaka 2005, bila mabano. Baada ya 2006 linaandikwa *Rungwecebus kipunji*, na majina ya wale waliompa pamoja na mwaka yamewekwa ndani ya mabano. Hayo mabano si urembo. Kwenye majina ya wanyama, mabano yanakuambia kwamba spishi hii ilipewa jina ikiwa kwenye jenasi nyingine, ikahamishwa. Historia yote niliyokusimulia, picha, barua, mtego wa mahindi, imefungwa ndani ya alama mbili zile. Mwanafunzi akizisahau, hajakosea nukta, amefuta tukio. Na holotaipu haikubadilika, kwa taarifa yako. Yule wa Chicago ana fuvu na vinasaba, lakini jina bado limefungwa kwa yule wa kwenye picha, kwa sababu kanuni hairuhusu ubadilishe holotaipu kwa kuwa umepata nyingine nzuri zaidi.

Hata ile tishu haikumaliza maneno. Vinasaba vya upande wa mama kutoka kwa yule wa Rungwe vilifanana mno na vya nyani wa njano wa maeneo ya jirani, kiasi kwamba mwaka 2009 watafiti walihoji kama mababu wa kipunji wa Rungwe hawakuwahi kuzaliana na nyani. Mwaka 2010 wakatazama kipunji wa Ndundulu, wakakuta mstari wa mama ulio tofauti na ule wa Rungwe. Maana yake mnyama mmoja kutoka shamba moja hakuwa picha kamili ya spishi nzima. Sampuli nayo ina upofu wake, kama picha.

Ugomvi wenyewe ulirudi tena, safari hii mbali na kwetu. Mwaka 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walimpa jina nzi wa Afrika Kusini kwa kutumia picha tu. Mwaka uliofuata wataalamu karibu 500 wakatia saini andiko la kupinga majina ya picha, na wengine wakaandika kutetea. Mwaka 2017 tume ikatoa tamko namba 45. Haikupiga marufuku. Iliongeza mapendekezo: anayetoa jina bila mwili uliohifadhiwa aeleze kwa nini hakuhifadhi, na atoe ushahidi mwingine kadiri inavyowezekana. Kwa maneno ya mtaani: ukija na picha, njoo na maelezo.

Nilipomaliza kusoma haya yote nilirudi kwenye barua ya wahakiki wangu nikiwa mtu mwingine kidogo. Nikaona kwamba maoni yao 17 hayakuwa ya aina moja, ingawa nilikuwa nimeyakasirikia kwa pamoja. Mengi yalikuwa ya kurekebisha tu bila mdomo: ukubwa wa herufi, italiki, mshale wa kaskazini, picha ya nukta 300 badala ya ile niliyoitoa kwenye WhatsApp ikiwa imeshabanwa. (Tafadhali, usitume vielelezo kwa WhatsApp kama picha. Tuma kama faili. Nimejifunza kwa machozi.) Grafu yangu ilikuwa na mstari mwekundu na wa kijani, na wapo wanaume wengi kuliko unavyodhani wasiozitofautisha rangi hizo, basi nikabadilisha mmoja kuwa wa nukta nukta. Kwa kila oni nikanakili maneno ya mhakiki, chini yake nikaandika nimefanya nini na ukurasa gani, ili asihangaike kutafuta. Nilikuwa nimeandika "tumeshughulikia" mara sita. Nikazifuta zote sita, maana neno hilo halimwambii mtu chochote.

Oni moja nililikataa. Alitaka jedwali la mvua ligeuzwe grafu, na mimi nilikuwa na vituo vinne tu vya mvua. Nikaeleza kwa sentensi mbili kwamba kwa namba chache hivyo msomaji anahitaji thamani zenyewe, na mwongozo wa jarida unaruhusu. Nikaacha hapo. Rasimu yangu ya kwanza ya jibu hilo ilikuwa na aya tatu na neno "dhahiri". Msimamizi wangu aliisoma, akacheka, akaniambia: "Mdogo wangu, hapa unajibu mhakiki au unajibu mjomba wako?"

Lakini lile la jani halikuwa la kurekebisha wala la kukataa. Ningeweza kuweka mstari wa kipimo kwenye picha ya zamani kwa kukisia, wapo wanaofanya hivyo, na hakuna mtu angejua. Kiganja cha kukisia nilikuwa nacho. Nilikaa na hilo wazo jioni moja nzima, sitakuficha. Kisha nikamwandikia mhariri kwamba sampuli ya awali haikuhifadhiwa, kwamba hilo ni pungufu la kazi yetu, na nikaomba muda hadi msimu wa viazi unaofuata. Alinipa miezi minne.

Nilipanda tena Umalila na magazeti ya zamani, mbao mbili na mikanda ya kufungia, nikakausha majani kwa kuyabana kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza tukaona ni mchezo wa watoto. Majani 12 yalifika mjini yakiwa mazima. Matatu kati yake yaligeuka kuwa na madoa ya ugonjwa mwingine kabisa, ambao kwenye picha za simu ulikuwa unafanana sawasawa na ule niliouandikia. Ikabidi nibadilishe si kielelezo tu, nibadilishe na kichwa cha makala.

Kielelezo cha 3 kipya kina mstari wa sentimita 1, namba ya sampuli, na jina la mahali ilipohifadhiwa. Picha ya zamani bado iko kwenye simu yangu. Juzi niliivuta kwa vidole nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: pembeni, chini kushoto, kuna kidole gumba cha yule mzee mwenye shamba, ameshika kikonyo cha jani ili upepo usilitikise.